Nusu Dirisha Ngamiani

Jumatatu

Basi limetushusha Kange, stendi ya Tanga, saa kumi na moja jioni. Tuliondoka Dodoma alfajiri, tukala Chalinze, tukakunja kushoto: Mkata, Segera, halafu Hale, ambako mkonge unakusindikiza pande zote mbili za barabara mpaka macho yanachoka na mistari. Stendi ya Kange iko nje ya mji, kwa hiyo usikubali kulala huko kwa sababu tu umechoka. Vijana wa bodaboda watakwambia wanajua gesti nzuri. Ni kweli wanaijua, maana wana chao pale. Mimi nilipanda daladala, nikashuka Ngamiani na begi langu begani.

Ngamiani hapotei mtu anayejua kuhesabu. Barabara zimenyooka, zinakatana, na nyingi zinaitwa kwa namba. Ukiambiwa ya nane, ni ya nane. Ng'ambo ya reli ndiko mjini, kwenye benki, ofisi na bandari. Huku ndiko watu wanakoishi, na gesti nazo zimejipanga huku huku katikati ya maduka, misikiti na vibanda vya mafundi baiskeli. Gesti ya mwanzo niliyoingia chumba hakikuwa na dirisha kabisa, tundu la bafuni tu. Nyingine dirisha lilikuwepo ila limepigiliwa mbao kwa kuogopa wezi. Jua lilikuwa linazama nilipofika hii niliyobaki.

Dada wa mapokezi akanisogezea kitabu cha wageni. Jina, umri, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Kwenye kabila nikaandika Mha. Pembeni ya mlango alikaa mzee kwenye kiti cha plastiki, kofia ya kiua kichwani, nikidhani hatuna habari naye wala yeye hana habari nasi. Dada alipokuwa ananisomea nilichoandika ili ahakikishe mwandiko, mzee akauliza bila kugeuka:

"Mha wa wapi?"

"Wa Kasulu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi manamba mmerudi. Mlisahau nini?"

Tukacheka wote. Manamba ndilo jina la vibarua wa mkataba waliokuja kukata mkonge huku kutoka mbali kama kwetu Kigoma. Nikapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kuliko kiganja. Ni makusudi, usije ukaondoka nao mfukoni. Sh 15,000 chumba chenye choo ndani, sh 10,000 ukikubali choo cha uani. Nikalipa 15,000.

Chumba sasa. Kitanda cha nne kwa sita kimegusa kuta tatu. Mlango unafungukia ndani, unagonga mguu wa kitanda, unaishia hapo. Mtu mwenye mwili aingie kwa ubavu. Ukishaingia sharti uufunge kwanza ndipo upate pa kusimama, na hapo pa kusimama panatosha mtu mmoja asiyefanya lolote. Mchana begi linalala kitandani, usiku linashuka chini mwenyewe napanda. Misumari mitano ukutani ndiyo kabati. Runinga ipo, imetundikwa karibu na dari. Soketi ni moja, nyuma ya kichwa cha kitanda, hivyo simu inachajiwa ukiwa umeilalia. Chini kuna kandambili mbili, ya bluu na ya kijani, zote za mguu wa kushoto.

Bafu wamelikata kwenye kona ya chumba hicho hicho na kuliwekea pazia la plastiki. Choo ni cha kuchuchumaa, na bomba la mvua liko juu yake barabara. Unaoga umetanua miguu, sabuni umeishika kwa mikono miwili, maana ikiponyoka imekwenda. Lakini maji yanatoka kwa nguvu, tena saa mbili usiku! Yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi. Anayeishi mtaani kwangu Dodoma, anayeamka saa nane za usiku kukinga ndoo, ataelewa kwa nini nilisimama pale mpaka vidole vikakunjamana.

Dirisha nililikagua mwisho. Nilipovuta pazia nikaona ukuta wa kati, ule unaonitenga na chumba namba 7, umekuja kugota katikati ya dirisha. Fremu moja, nondo zile zile. Bawa la kushoto langu, la kulia la jirani. Kati ya ukuta na nondo ulibaki upenyo wa vidole viwili, na fundi akauziba kwa gazeti. Gazeti nalo limeshachakaa. Usiku nikamsikia mtu wa upande wa pili akikohoa, nikajikuta nimesema pole.

"Nishapoa, baba," sauti ya mama mtu mzima ikajibu, karibu na sikio langu kabisa.

Jumanne

Saa tisa usiku jirani yangu ameamka, amefunga mzigo, ametoka. Saa mbili asubuhi nikamkuta barazani anahesabu noti: ni mama wa Lushoto, kila wiki anashusha karoti, kabichi na matunda sokoni, analala siku mbili tatu hapa kisha anarudi mlimani. Akanipa fyulisi mbili. "Tumelala pamoja bwana, tusalimiane," akasema, na mzee wa kiti cha plastiki akatikisika kwa kicheko.

Chai niliinywa hapo hapo. Mama wa jirani ana meza mbele ya nyumba yake: mbaazi za nazi, maandazi, vitumbua, chai ya tangawizi. Hakuna haja ya kutafuta mgahawa Ngamiani asubuhi. Simama mlangoni, angalia moshi unatoka wapi.

Mzee ndiye aliyenifungulia siri ya chumba changu. Gesti hii ilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani nyuma wa kupikia, kufulia na choo, na mbele baraza. Kila chumba kilikuwa cha familia nzima au cha vijana kadhaa wa bandarini na wa reli, na hakuna aliyekiona kidogo, kwa sababu hakuna aliyekitumia mchana. Wanawake uani, wanaume barazani, chumbani ni kulala na kuweka sanduku. Mwenye nyumba alipogeuza biashara akakata kila chumba vipande viwili, na kwa kuwa kila chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo likakatwa. Uani akaujaza vyumba vingine. Baraza hakuligusa. "Angeligusa," mzee akasema, "na mimi ningekwenda wapi?"

Nimekuwa nikilifikiria hili siku nzima. Watu wakifika gesti wanakagua godoro, wanafungua bomba, wanawasha runinga. Kwa gesti za namna hii nadhani cha kukaguliwa ni kile kilicho nje ya mlango. Baraza hili ni la saruji iliyong'azwa rangi nyekundu, limepakana na barabara, na kuanzia saa tisa alasiri jua liko nyuma ya nyumba kwa hiyo pana kivuli mpaka usiku. Muuza kahawa anapita na dele lake juu ya mkaa, vikombe vinagongana mkononi. Kashata ipo. Baiskeli hazikatiki, mji huu ni tambarare na kila mtu anaendesha, mpaka bibi aliyevaa baibui na kapu la samaki nyuma. Sijawahi kulala hoteli ya nyota yoyote yenye sebule inayopitiwa na mambo yote haya.

Chumbani hata hivyo ni lazima ulale, na huu ni msimu wa kaskazi. Ukuta wa tofali za saruji uliokunywa jua kutwa huanza kulirudisha magharibi. Pangaboi lina namba tano. Namba ya tatu kwenda juu linavuta neti, neti inapanda, mbu wanaingia. Namba ya pili kushuka chini halisukumi hewa yoyote. Nikaweka mbili na nusu, kitufe kinasimama katikati ukikishikilia kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti nilikikuta pale pale, aliyelala kabla yangu aliyajua haya.

Saa saba usiku pangaboi likaanza kuchoka. Likapunguza, likapunguza, likasimama. Nje taa za jirani zinawaka, kwa hiyo si umeme kukatika: luku ya gesti imeisha. Milango ikaanza kugongana korido nzima, watu wakatoka na khanga, na misuli, mmoja na shuka la gesti. Barazani tukawa kundi. Dada wa mapokezi simu yake haina salio, mwenye nyumba simu yake imezimwa. Mama wa Lushoto akauliza namba ya mita, akatoa simu kwenye kifua, akanunua umeme wa sh 5,000, akamwambia dada, "Andika kwenye hesabu yangu, kesho silipi chumba chote."

Sasa kuingiza tarakimu ishirini usiku wa manane ni kazi ya watu watatu. Mzee alishika tochi. Kijana wa namba 2 alisoma ujumbe, nne nne. Dada alibonyeza. Safari ya kwanza mita ikakataa, kumbe kijana alisoma sita mara mbili. Mama wa Lushoto akasema wasome kwa utaratibu, pesa yake hiyo. Wakaanza upya, wote tumenyamaza, kila nne zikiisha mtu anasema "haya." Taa ikawaka. Hakuna aliyekimbilia ndani, vyumba vilikuwa vimeshaiva. Tulikaa pale mpaka adhana ya alfajiri ilipokaribia, tukibishana kama timu ya soka ya Coastal Union watakuja kurudia walichofanya 1988, walipochukua ubingwa wa Bara. Kijana wa namba 2 ana imani. Mzee ni mtu wa African Sports, Wana Kimanumanu, na alijibu kwamba kuna watu wanaishi kwa kumbukumbu.

Jumatano

Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kaskazini mwa mji kwa barabara ya Horohoro. Mwamba wa chokaa, zamani za kale ulikuwa chini ya bahari. Mwongozaji ana tochi nzuri na maneno mengi: popo, vyumba vya matambiko ambako watu wanaacha marashi na vitambaa, habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni na kujificha humo miaka ya 1950. Penye upenyo mwembamba aliniambia niingie kwa ubavu, bega la kulia kwanza. Nikamwambia hilo nimeshajifunza Ngamiani.

Niende tena? Ndiyo, ila mapema zaidi, kabla joto halijashika barabara. Nimerudi na vumbi mpaka kwenye kope, nikaoga mara mbili, nikalala saa mbili usiku. Namba 7 iko kimya, mama amepanda mlimani.

Alhamisi

Leo nimevuka reli. Upande huu wa mji una miti mikubwa, majengo ya Wajerumani yenye veranda, na Bustani ya Jamhuri inayotazama bandari. Ukikaa pale unakiona kisiwa cha Toten na meli zimetia nanga nje. Bahari ilikuwa imekupwa, tope linang'aa.

Reli ya kwanza Tanganyika ilianzia mji huu, 1893. Ilifika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi ikangoja mpaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida; elfu moja ilianza safari, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi ikaja kuzalisha zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Na mkonge haujikati. Babu yangu aliandikishwa Kasulu na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge iliyoanzishwa 1944, akaja huku kukata majani na kujaza kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini. Alikuwa hapendi kuyazungumza. Alichozoea kusema ni kwamba kambini walilala watu sita chumba kimoja, na aliyekuwa karibu na mlango ndiye tajiri.

Nimemsimulia mzee jioni. Akasema manamba waliomaliza mkataba walikuwa wanashuka Ngamiani kununua nguo kabla ya kurudi kwao, na wengine hawakurudi. Baba yake aliwapangisha. "Chumba gani?" nikauliza. Akaonyesha kwa kidole gumba, nyuma ya bega lake, bila kuangalia: safu yote ya kulia. Changu kiko kulia. Sikusema kitu na yeye hakuongeza. Alikuwa anamngoja mtu wa kahawa.

Kabla sijasahau: mchana nilikagua gesti nyingine ng'ambo ile ya reli, kwa udadisi tu. Sh 35,000. Chumba mara mbili ya changu, kiyoyozi, marumaru sakafuni, meza na kiti, kandambili za miguu yote. Mlango wa mbele una geti, geti lina mlinzi, na ukitoka chumbani unakutana na korido, ukitoka korido unakutana na magari yaliyoegeshwa. Mapokezi pana sofa moja imefunikwa nailoni. Kwa mtu aliyekuja na familia, au mgonjwa anayehudhuria hospitali ya Bombo na anahitaji utulivu, achukue hiyo, asibishane na mimi. Kwa msafiri aliye peke yake, sh 20,000 za ziada ni za kununua upweke. Nikazila jioni kwenye supu ya pweza na mihogo, wala hazikuisha.

Ijumaa

Nimepata jirani mpya namba 7, na gazeti la kwenye upenyo halijapata kufanya kazi ngumu namna hii. Ni wawili. Walifika usiku, wakawasha runinga, wakagombana kuhusu shemeji, wakapatana, wakagombana tena. Nilijua jina la shemeji, kiasi anachodaiwa na anavyomjibu mama yake. Saa sita nikagonga ukuta kwa adabu. Kimya. Kisha sauti ya mwanamke: "Samahani kaka, tumekuamsha?" Halafu, akimgeukia mwenzake: "Si nilikwambia?" Wakaanza kugombana kuhusu hilo.

Ushauri kwa anayekuja gesti za kugawanywa: uliza chumba cha mwisho wa korido. Kina jirani upande mmoja tu. Angalia pia kama ukuta wa kati umefika mpaka juu. Nyingi umeishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja wa nyumba nzima, panya na maneno vinapita bure. Njoo na shuka lako, soketi ya kuunganisha ya waya mrefu, na kufuli ndogo. Usiulize kifungua kinywa.

Saa sita mchana mtaa ukahama kwenda msikitini, kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia mpaka kwenye korido yetu. Baraza nikaachiwa mimi na paka. Nilifua, nikaanika uani kwenye kamba ya gesti, dada akanionya niketi karibu maana kamba ni ya wote. Walipotoka sala ikaja sinia ya pilau kutoka kwa jirani, haijulikani kwa nani, ikawekwa katikati ya baraza. Nikaitwa. "Mha, njoo. Huku hatukati kipande."

Jumamosi

Kuondoka. Gesti inataka ufunguo saa nne, mimi nimeurudisha saa kumi na moja alfajiri. Dada ameamka kwa kunihurumia, kajifunga khanga, macho nusu. Kakagua taulo, rimoti na neti, kaniwekea alama kitabuni. Akasema nikija tena nipige simu kabla aniwekee namba 4, ina dirisha zima.

"Inatazama wapi?"

"Uani, kwenye matanki."

"Bei?"

"Elfu kumi na nane."

Nikamwambia aniwekee hii hii. Akaniangalia kama mtu anayekataa chenji yake.

Mzee hakuwa amefika, kiti chake kimegeuziwa ukutani. Sikumuaga. Bajaji hadi Kange, basi limetoka saa kumi na mbili na robo. Anayekwenda Dodoma au Dar kwa basi la asubuhi aombe siti za kulia: ukishakata kona ya Segera jua linakaa kushoto, na halitoki huko mpaka Chalinze.